Leseni ya Mbwa na Makao Yasiyojengwa

Ogwedhi iko pale Kaunti ya Migori inapopakana na Trans Mara, na kwa miaka mingi soko lake la mifugo limewakutanisha Wajaluo, Wamaasai, Wakuria na Wakisii kwa sababu ya ng'ombe. Historia ya wanyama wa upande huu karibu yote ni historia ya ng'ombe: wizi wa mpakani, karantini, majosho, mbung'o wa Bonde la Lambwe kule Homa Bay. Mbwa anayelinda boma usiku na punda anayebeba maji hawatajwi sana, na mbwa anapotajwa huwa ni kwa ajili ya kichaa chake. Kutotajwa huko kumeacha alama katika sheria tunayoitumia hadi leo. Kenya ilijua mapema kumwadhibu mkatili, ikajua pia kumuua mbwa wa kutiliwa shaka, ila haikujishughulisha na swali la mnyama aliyeokolewa: alale wapi, alishwe na nani?

Chama cha kwanza cha kuwatetea wanyama, ambacho leo kinaitwa KSPCA, kilianzishwa mwaka 1910, enzi za walowezi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, kwa mbwa mmoja wa viungani mwa Nairobi. Tangu hapo mambo hayo mawili yakaenda kila moja na njia yake. Huruma ikabaki kazi ya chama cha watu wa mjini, na mbwa wa kijijini akawa suala la ugonjwa, la kuchanjwa au kupigwa risasi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ilitungwa ukoloni ukiwa ukingoni, kwa mfano wa sheria za Uingereza. Inaorodhesha makosa kwa uangalifu: kupiga, kutesa, kupakia mzigo kupita kiasi. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Siku hizi fedha hizo hazitoshi kununua mbuzi wa maana sokoni.

Tumchukue punda mwenye kidonda cha mgongoni, aliyefungiwa magunia kwa kamba ya nailoni bila tandiko, kamba ikala ngozi mpaka nyama ikaonekana. Sheria inamtambua mara moja kuwa ameteswa, na askari akitaka anaweza kumshtaki mwenye punda. Lakini punda huyo anahitaji wiki kadhaa za kuoshwa kidonda, kupumzishwa na kupewa majani, na kituo cha polisi si zizi. Hospitali ya KSPCA iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Ogwedhi. Hata ofisi za serikali zilikuwa mbali katika miaka ile Homa Bay ilipokuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza na Migori yote ikitawaliwa kutoka huko. Askari mwenye busara akiyapima hayo humwonya mwenye punda na kuendelea na safari yake. Mambo ya miaka ya karibuni yanaonyesha udhaifu uleule. Mwaka 2012 punda alitangazwa kuwa mnyama wa kuchinjwa. Kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa kwa ajili ya soko la ngozi la Uchina na wizi wa punda ukazagaa. Mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukaizuia biashara hiyo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019, milioni 1.2 hivi. Mabishano yote hayo yalihusu kuchinja au kutochinja.

Pengo hilo la makao hujazwa na mtu anayechukua paka watano, mbwa wanane, akawalisha kwa mfuko wake. Sheria humkuta huyu baadaye, nayo humjia kama msimamizi. Akitaka kupokea michango kwa jina la shirika, kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Akitaka kutibu, sheria ya madaktari wa mifugo ya 2011 inamtaka atafute aliyesajiliwa, na analipa. Wapo wanaosema ndivyo inavyopaswa kuwa, na hoja yao ina uzito. Huruma pekee haitoshi. Nyumba yenye mbwa thelathini wasiochanjwa ni hatari kwa mtoto wa jirani, na wanyama waliosongamana humo huteseka vilevile. Nakubali kabisa kwamba chanjo na ukaguzi viwe vya lazima. Ninachokataa ni mzigo wote kumwangukia yeye, kwa kuwa kazi anayoifanya kisheria si yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikitaja utoaji wa leseni za mbwa pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama.

Wengine watauliza kwa nini Migori au Homa Bay itumie fedha kwa mbwa wakati zahanati hazina dawa. Swali hilo linamsahau mtu anayeng'atwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakiponi, na sindano za kumwokoa aliyeng'atwa ni ghali kuliko kumchanja mbwa. Shirika la Afya Duniani linashauri asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike, na mbwa wasio na mwenyewe ndio wagumu kufikiwa. Anayewakusanya na kuwalisha kila siku ndiye anayeweza kuwashika siku ya chanjo. Kaunti inaweza kumsajili bila ada, ikamtumia afisa wa mifugo kwa ratiba inayojulikana, na ikampa kipande cha ardhi karibu na soko la mifugo, ambako afisa huyo tayari ana kazi. Fedha za kuanzia hazihitaji kodi mpya. Leseni ya mbwa na mahali pa kuwahifadhi wanyama vimeandikwa katika kipengele kimoja cha Katiba, na kaunti inayotoza ada ya leseni inadaiwa makao.