Anayepishwa Rampuni

Saa kumi na mbili jioni, daraja la wapita miguu juu ya Outering Road, mashariki mwa Nairobi, huwa na misafara miwili. Mmoja unapanda ngazi: wanafunzi, mafundi na mabegi yao ya vifaa, kina mama na mifuko ya sukuma wiki. Wa pili unapanda rampu, ile njia ya mteremko inayojikunja kabla ya kufika juu. Humo utakuta mkokoteni wa mitungi ya maji, pikipiki zinazokwepa safari ndefu ya kwenda kugeuzia mbali, mzee mwenye goti linalomsumbua, na watoto wanaocheza tu. Mara moja moja hupita mtu wa kiti cha magurudumu, ambaye ndiye aliyekuwa akilini mwa mchoraji wa daraja.

Kwenye kona ya rampu pikipiki hulazimika kutulia, mwendeshaji akashusha mguu mmoja chini ndipo ageuze. Mwenye kiti naye hana anasa ya kusimama katikati ya mteremko akingoja wenzake waamue. Mikono ikilegea, magurudumu yanarudi nyuma. Kelele huanzia mgongoni mwake, kwa watu asiowajua: "Pisha! Pisha kiti!" Mara nyingi pikipiki hurudi nyuma. Nyakati nyingine hupiga honi.

Hakuna anayeuliza mwenye miguu mizima anafanya nini kwenye rampu. Kinachoulizwa ni kama atapisha. Desturi hiyo ni kongwe kuliko rampu yenyewe, kwa sababu Eastlands, upande huu wa mji, ilikaa miaka mingi bila kitu chochote kilichotengwa kwa mlemavu, na mtu aliishi kwa kupishwa.

Mitaa hii ilijengwa kwa ajili ya wenye nguvu. Kariokor ilipata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi kati ya waliorudi walirudi wagonjwa au wamelemaa. Lakini nyumba zilizokuja kujengwa upande huo wa mji hazikuwafikiria watu kama hao. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kama kibarua wa muda, mwanamume peke yake mwenye kipande cha utambulisho, anayehitaji kitanda, bomba la pamoja na choo cha pamoja. Nguvu zikimwisha, mahali pake palikuwa rizavu. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa hatua mbele, maana ilikubali kwamba mfanyakazi ana mke na watoto. Hata hivyo, bomba na choo vya pamoja viliendelea kuwa desturi ya mitaa mingi, na panapokuwa na choo kimoja kwa milango mingi, adabu yote hukaa kwenye foleni. Nani atangulie? Mzee, mjamzito, mgonjwa, anayetembelea mkongojo. Kanuni hiyo haikubandikwa ukutani, na aliyeivunja alisemwa hadi mwisho wa mwezi.

Lugha yenyewe ilikuwa na ukatili wake. Kiwete, kipofu, kiziwi: ngeli ya vitu, sawa na kiti na kikombe. "Mlemavu" lilikuja kuwa afadhali, kisha "mtu mwenye ulemavu". Mtaani bado utasikia maneno haya yote kwenye sentensi moja, na mara nyingi anayesema "kiwete" ndiye huyo huyo anayeshika kiti kwa nyuma kukisukuma. Ukimshukuru atakujibu "hujafa hujaumbika" kisha aende zake.

Baada ya uhuru zikaja nyumba nyingi, na ngazi nyingi zaidi. Mradi wa Dandora, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 1975, uligawa viwanja 6,000 hivi, vikiwa na maji na choo, na mwenye ploti akajijengea vyumba vilivyobaki. Umoja ikafuata kwa msaada wa Wamarekani. Michoro yote miwili ilikaa chini, kwenye udongo. Wapangaji walipoongezeka, nyumba zikapanda juu: Umoja Innercore, Kayole, Pipeline, ghorofa sita, saba, nane, bila lifti.

Hapo ndipo chumba cha chini kilipogeuka kuwa mali. Maji hufika chini hata siku ambayo hayapandi juu, na mlango unaotazama barabara unafaa kuwa duka, kinyozi au M-Pesa. Mwenye ploti anajua hesabu hiyo, na biashara hulipa kodi ya juu kuliko mpangaji wa kulala. Kwa hiyo mtu anayehitaji kukaa chini kwa sababu ya miguu anashindania chumba na kinyozi. Kati ya mambo yote ya Eastlands ambayo wazima hutumia na mlemavu akakosa, hili ndilo kubwa kuliko yote, ingawa hakuna sheria yoyote iliyowahi kulichorea alama ya kiti cha magurudumu.

Matatu, yale magari madogo ya abiria, nazo zina historia ya namna hiyo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu zilizodaiwa mabasi, na usafiri wa Eastlands ukaangukia mikononi mwa makanga, wapokea nauli. Gari liliundwa ili lijae haraka: mlango mwembamba, kidato kirefu, kiti hadi kiti hakuna nafasi ya goti. Kilichotolewa kwa mlemavu kilikuwa mikono ya watu. Makanga anambeba, abiria wa kiti cha mbele anashuka na kwenda nyuma, dereva anangoja huku akikanyaga mafuta kuonyesha kwamba hangoji.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuja na wazo jingine: kutenga. Iliunda baraza la kitaifa la kusimamia mambo hayo, ikataka wenye magari ya abiria wayarekebishe ndani ya miaka miwili na wenye majengo ya umma ndani ya mitano. Lakini vifungu hivyo viliachwa vimelala hadi Januari 2010. Ukihesabu kuanzia hapo, matatu zilipaswa kuwa tayari 2012 na majengo 2015. Katiba ya Agosti 2010 ikaongeza uzito kwa kifungu cha 54: haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini, asilimia 2.2 ya walio na miaka mitano na zaidi.

Kutenga kuna matatizo yake. Choo kipana chenye vyuma vya kushikilia, kikikaa bila mtu kwa wiki moja katika jengo lenye shughuli, hugeuka stoo ya ndoo na mifagio, na ufunguo huwa kwa mlinzi aliyeenda kula. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari za wanaume wa baiskeli za magurudumu matatu waliotazamwa kwa jicho la huruma na maofisa wa forodha. Wafanyabiashara wazima wakaona mwanya, wakawapa mizigo yao wavushe. Hapo nafasi ya mlemavu ilitumiwa na mzima, na mlemavu akapata riziki. Ni vigumu kulaani mpango kama huo ukiwa umeshiba.

Na hata palipotengwa, kupisha hakukwepeki. Februari 2012 Mwingereza Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alikosa basi la kutoka Wetherby kwenda Leeds kwa sababu mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alikataa kutoka kwenye nafasi ya viti vya magurudumu. Januari 2017 Mahakama ya Upeo ya Uingereza iliamua kwamba haitoshi dereva kuomba mara moja na kunyamaza, anapaswa kusisitiza akiona kukataa huko hakuna sababu. Kwa Kiswahili cha Jogoo Road, alitakiwa kupaza sauti kama makanga.

Huku Nairobi, Outering, kilomita 13 zilizopanuliwa kuanzia 2014 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilipata lami kabla ya kupata madaraja, na watu wakafa wakivuka. Madaraja yalipokuja, rampu zake zikawa barabara ya kila mwenye gurudumu. Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni vyuma vya kuzuia pikipiki. Uingereza waliijaribu kwenye njia zao za baiskeli, na mwaka 2018 shirika la Sustrans likahesabu vizuizi zaidi ya 16,000, vingi vikiwazuia wenye viti vya magurudumu pamoja na wenye pikipiki.

Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Chini ya daraja, kwenye steji, kazi inaendelea kwa utaratibu wa zamani. Abiria wa mbele ameshashuka kumpisha mwenzake. Watu wawili wamembeba, mmoja amekunja kiti na kukisukuma ndani ya buti, juu ya gunia la viazi. Mlango unafungwa. Makanga anapokea nauli, anaihesabu, kisha anauliza: "Na ya kiti?"