Ishara ya msalaba: Asili, taratibu na maana yake

MUUMINI wa Kanisa Katoliki hufanya ishara ya msalaba mara nyingi kwa siku, hata si ajabu mkono kufika kwenye paji la uso ilhali mawazo yako kwingine. Huifanya aamkapo, aketipo mezani, aingiapo kanisani na hata gari linapoanza safari ndefu.

Hata hivyo, tendo hilo la sekunde chache limebeba muhtasari wa imani nzima, na namna ya kulitekeleza imewahi kuzua mizozo iliyogharimu maisha ya watu.

Kwa kawaida, Mkatoliki wa mapokeo ya Kilatini hutumia mkono wa kulia. Hugusa paji la uso akimtaja Baba, kifua akimtaja Mwana, kisha bega la kushoto na la kulia akimtaja Roho Mtakatifu. Hivyo basi, kinywa hutangaza Utatu Mtakatifu huku mkono ukichora msalaba, chombo ambacho kwacho Kristo aliwakomboa wanadamu.

Sarufi ya Kiswahili nayo inasaidia kulifafanua fumbo hilo. Wanaotajwa ni watatu, lakini neno "jina" limo katika umoja, wala si "majina". Nafsi ni tatu. Mungu ni mmoja.

Asili yake

Katika karne za kwanza, Wakristo walichora msalaba mdogo tu kwenye paji la uso. Mmoja wa mashahidi wa kale zaidi wa desturi hiyo ni Mwafrika: Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Tunisia.

Mwanzoni mwa karne ya 3, mwandishi huyo alieleza kwamba Wakristo walijitia alama hiyo walipoingia na kutoka, walipovaa, walipooga, walipokula, walipowasha taa na walipolala.

Alama hiyo huhusishwa pia na sura ya 9 ya kitabu cha Ezekieli, ambamo watu wanaosikitikia maovu ya Yerusalemu wanatiwa alama katika vipaji vya nyuso zao ili waokolewe. Kwa Kiebrania alama hiyo huitwa tau, herufi ya mwisho ya alfabeti, ambayo zamani iliandikwa mfano wa msalaba.

Msalaba huo mdogo haujatoweka. Padri, wazazi na wasimamizi humchora mtoto pajini anapobatizwa. Askofu humpaka muumini krisma pajini wakati wa kipaimara. Na Jumatano ya Majivu alama hiyo huchorwa kwa majivu.

Aidha, kabla ya Injili kusomwa, waumini huchora misalaba mitatu midogo: pajini, midomoni na kifuani. Maana yake ni kwamba Neno la Mungu liwe akilini, litamkwe kwa kinywa na lihifadhiwe moyoni. Nayo maji ya baraka mlangoni mwa kanisa humkumbusha muumini ubatizo wake.

Kushoto au kulia?

Papa Innocent III, aliyeliongoza Kanisa kuanzia 1198 hadi 1216, aliandika kwamba ishara hiyo ilifanywa kutoka kulia kwenda kushoto, ingawa wengine walianzia kushoto wakiashiria kutoka katika taabu na kuingia katika utukufu. Baadaye desturi hii ya pili ndiyo iliyoenea katika Kanisa la Magharibi.

Waorthodoksi wangali wanaanzia bega la kulia. Miongoni mwao wamo Waorthodoksi wa Kenya, ambao walipokewa rasmi chini ya Patriaki wa Alexandria mnamo 1946.

Nchini Urusi, hata idadi ya vidole ilileta mfarakano. Mnamo 1653, Patriaki Nikon aliagiza vidole vitatu vitumiwe kuashiria Utatu, badala ya viwili vilivyoashiria umungu na ubinadamu wa Kristo. Waliopinga mageuzi yake waliandamwa na dola, na kiongozi wao mashuhuri, Avvakum, aliteketezwa kwa moto mnamo 1682.

Waprotestanti nao hawakuwa na msimamo mmoja. Martin Luther, katika Katekisimu yake Ndogo ya 1529, aliwaelekeza waumini kujiwekea ishara hiyo asubuhi na jioni. Wapuriti wa Uingereza, kwa upande wao, waliipinga wakisema haikuamriwa na Maandiko.

Si hirizi

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa 1992 inafundisha kwamba kwa ishara hiyo muumini humtolea Mungu siku yake, na hupata nguvu wakati wa vishawishi na shida. Haisemi kwamba ishara humlazimisha Mungu kutenda jambo.

Mwanasoka anayeifanya kabla ya kupiga penalti hajanunua bao, kwani huenda mlinda lango wa timu pinzani ameifanya pia.

Vivyo hivyo, abiria anayejichora msalaba gari linapoondoka hajavaa kinga dhidi ya ajali, wala hajaondolewa wajibu wa kufunga mkanda na kumkanya dereva anayeendesha kwa kasi. Alilofanya ni kuikabidhi safari yake, pamoja na yote yatakayompata njiani, kwa yule aliyemtaja.