Mnyororo wa Ubaridi: Safari ya Akabenzi Kabla ya Moto

Dar es Salaam huagiza kitimoto. Kigali huagiza akabenzi. Nyama ni ileile ya nguruwe, na Kigali huletwa mezani na ndizi na pilipili. Mlaji huiona inapotoka jikoni. Safari iliyoifikisha huko haioni, na safari hiyo ndiyo iitwayo mnyororo baridi.

Wahudumu wa afya wa Tanzania wamelizoea neno hilo kupitia chanjo, ambazo husafirishwa kutoka bohari hadi zahanati bila kupata joto. Lakini maji baridi ni maji yaliyopoa, hivyo mnyororo baridi, kwa anayelisikia mara ya kwanza, ni chuma kilichopoa. Kifaransa, ambacho Wanyarwanda wengi wamesomea, husema mnyororo wa ubaridi. Hapo maana inakaa sawasawa: kinachopokezanwa mkono kwa mkono ni ubaridi wenyewe. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na umbo hilo ndilo linalofaa kuandikwa kwenye mabango ya bucha zake.

Pingili ya kwanza hufungwa machinjioni. Nguruwe akishakufa, misuli yake haitulii papo hapo. Sukari iliyohifadhiwa ndani yake hugeuka asidi ya laktiki, na pH hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.6. Ikishuka taratibu huku mzoga ukipoa, nyama hushika maji yake. Ikishuka kwa kasi wakati mzoga ungali moto, protini huharibika. Nyama hupauka, hulegea na kuchuruzika maji. Hali hiyo humpata nguruwe aliyekimbizwa na kupigwa kabla ya kuchinjwa, na humpata pia aliyezaliwa na udhaifu wa kuipata. Aina ya Piétrain ya Ubelgiji ilijulikana sana kwa hilo, na mwaka 1991 watafiti wa Toronto walilitambua badiliko la jeni linalousababisha. Mteja akiona dimbwi kwenye sahani humshuku mwenye bucha kuwa ameongeza maji, kumbe mara nyingine maji ni ya nyama yenyewe.

Ndiyo maana agizo la RICA, mamlaka ya ukaguzi ya Rwanda, kwamba nyama ikae kwenye ubaridi saa 24 kabla ya kuuzwa, lina mantiki, hata kama wanunuzi wengi wamezoea kuamini kwamba nyama nzuri ni ile yenye joto la machinjio.

Kiswahili kinatusaidia kutenganisha mambo mawili: kupoza na kugandisha. Kupoza, kwenye nyuzi 4 hivi, huwachelewesha bakteria wengi bila kuwaua. Kugandisha hufanya zaidi: viluwiluwi vya tegu wa nguruwe hufa nyama ikikaa siku nne kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, au siku moja kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri. Lakini virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao Montgomery aliueleza kutoka Kenya mwaka 1921, hustahimili miezi ndani ya nyama iliyoganda. Havimdhuru binadamu, lakini mabaki ya nyama hiyo yakitupiwa nguruwe, banda zima linaweza kuteketea.

Ubaridi nao una gharama yake. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za HFC, zinazotumika kwenye majokofu na ambazo huipasha dunia joto. Leo kituo cha ACES, huko Rubirizi jijini Kigali, kinafundisha mafundi wa mitambo ya ubaridi.

Pingili ikikatika, wengi hutegemea moto uiunge. Moto huua bakteria, lakini sumu ambayo bakteria waitwao stafilokoka wameshaiacha ndani ya nyama huvumilia kuchemshwa. Akabenzi inaweza kutoka jikoni ikinukia vizuri, imeiva hadi katikati, huku ikibeba sumu iliyotengenezwa mchana, nyama ilipokuwa imefungwa mfukoni ndani ya buti la gari.