Mgawanyo wa Matriksi: Kutoka Mafungu ya Nafaka hadi Mkwaju wa Nyuma

Swali la kwanza la sura ya nane ya kitabu cha kale cha Kichina, Sura Tisa za Hesabu, lingeeleweka bila taabu sokoni Msanzi, huko Ufipa. Mafungu matatu ya nafaka bora, mawili ya wastani na moja hafifu hutoa vipimo 39. Mawili, matatu na moja hutoa 34. Moja, mawili na matatu hutoa 26. Mtatuzi huzidisha na kutoa hadi abakiwe na kisichojulikana kimoja: fungu hafifu lina vipimo 2¾.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico aliuweka uondoaji huohuo nyuma ya alama moja ya MATLAB: x = A\b. Jina "mgawanyo" lapotosha kidogo, kwani kinyume cha A hakitafutwi kamwe.

Tanzania, iliyofunga kompyuta Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974. Hasara hiyo isikuzwe kupita kiasi: milinganyo mitatu yatosha karatasi. Mamia ya milinganyo, ambayo mipango ya uchumi huidai, ndiyo iliyohitaji mashine.