Kinga iliyo mkononi mwa msichana

Sisi Wakongo tunasema sida. Hapa Uganda wenyeji waliuita silimu, kwa sababu aliyeupata alikonda mpaka nguo zikampwaya. Majina ni tofauti, ugonjwa ni ule ule. Na ndani ya historia yake kuna swali ambalo wasichana waliuliza miaka mingi bila kujibiwa.

Wagonjwa wa kwanza Uganda walijulikana mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wakati huo wilaya ya Rakai. Mwanzoni watu walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa kupambana na ukimwi. Watu wakaambiwa wawe kama ng'ombe aliyefungwa kamba, anayekula majani ya pale pale alipo bila kutangatanga. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume kwa ugonjwa huo, akaanzisha TASO pamoja na wenzake. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akasema hadharani kwamba anao, na Desemba mwaka huo huo akafariki.

Kusema wazi kulisaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wazima kama 15 kati ya 100 walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa kama 6.

Hiyo ni sifa kubwa kwa Uganda. Lakini tuangalie yale mafundisho yenyewe: subiri, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Yote matatu yanachukulia kwamba msichana ndiye anayeamua. Aliyebakwa njiani akienda kutafuta kuni, alisubiri nini? Mke mwaminifu wa mume anayetembea nje, uaminifu wake unamkinga vipi? Na kondomu, anayeivaa ni nani? Kwenye vikundi vyetu wadada wanauliza kila mara: "Na akikataa je?"

Wanawake hawakukaa kimya. Zimbabwe, mwaka 1996, walikusanya sahihi zaidi ya 30,000 wakidai kondomu ya kike iletwe nchini, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Angalau hiyo anaivaa mwenyewe, ingawa mwanamume bado anaiona.

Halafu vikaja vidonge vya PrEP, ambavyo mtu asiye na virusi anameza ili asiambukizwe. Utafiti ulioitwa VOICE uliwapa dawa za kinga wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Matokeo ya mwaka 2013 yalikuwa mabaya. Damu ilionyesha kwamba wengi hawakuwa wanazitumia. Waliogopa jirani au bwana akiona vidonge atasema huyu ni mgonjwa. Sisi tunaolala watu sita chumba kimoja tunaelewa haraka. Kopo la vidonge linapiga kelele hata ukilificha chini ya godoro.

Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine. Wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda, wa miaka 16 mpaka 25, walichomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano haina kopo la kuficha, na bwana hana cha kukataa.

Ila kabla ya PrEP ya aina yoyote lazima upime, na hapo wengi wanarudi nyuma. Wanasema ukikutwa na virusi, faili la kwenda Marekani limekufa. Kweli Marekani ilikuwa na sheria ya kuzuia watu wenye virusi, lakini iliondolewa Januari 2010. Miaka imepita, uoga umebaki.

Ndugu wa mashirika, msituletee tu mabango. Tuambieni sindano itafika lini kambini, na muweke chumba chenye mlango unaofungwa, siyo foleni ambayo kila mtu anajua ni ya nini. Wazazi wetu, binti akiomba kwenda kupima, msimwite malaya. Na wewe dada, ukibakwa, kimbia kituo cha afya kabla ya masaa 72 kuisha. Kuna dawa za kuzuia virusi, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake.

Sasa swali la "akikataa je?" lina jibu. Kilichobaki ni jibu hilo lifike huku kwetu.