Jiwe la kijani, vioo vya Zürich na lenzi za rangi: habari ya kupamba jicho

Wiki hii tuongee juu ya lenzi za rangi, zile ambazo wengi tunaziita kwa Kifaransa lentilles. Msichana ana harusi Jumamosi, anataka macho ya kahawia yageuke kijani au rangi ya asali. Si dhambi. Lakini kile kitu kidogo kina historia ndefu, na anayeijua historia hiyo hataazima lenzi za jirani.

Kupamba jicho ni jambo la kale, na moja ya rangi zake za kwanza sisi wa Likasi tunaijua vizuri. Ni malakiti, jiwe la kijani lenye mistari ambalo wachongaji wetu wanatengenezea vikuku na wanyama wadogo. Huku kwetu mababu waliliyeyusha wakapata shaba ya misalaba, ndiyo maana wakaitwa walaji wa shaba. Wamisri wa zamani, miaka zaidi ya 5000 iliyopita, walilisaga malakiti yao wakajipaka kandokando ya macho. Baadaye Waswahili wa pwani wakajulikana kwa wanja wa manga. Wanja nao si salama wote: mwingine unasagwa kutoka jiwe lenye risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Hata hivyo wanja unakaa ukingoni mwa jicho, lenzi inalala juu ya jicho lenyewe.

Kitu cha namna hiyo kilitangazwa mwaka wa 1888, wakati Msiri bado anatawala kule Bunkeya. Munganga mmoja Mjerumani, Adolf Fick, aliyefanya kazi Zürich, Uswisi, alieleza jinsi alivyotengeneza vibakuli vidogo vya kioo vya kufunika jicho. Alivijaribu kwanza kwa sungura, kisha machoni mwake mwenyewe, halafu kwa watu wachache. Alitia maji ya sukari ya zabibu kati ya kioo na jicho. Mtu alivumilia saa chache tu. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa uganga, August Müller, akatengeneza vyake ili aone mbali. Ilibidi atie kokaini ya ganzi, na bado hakuvumilia zaidi ya nusu saa hivi.

Sababu ya maumivu hayo ndiyo ya kuelewa. Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi inatoka hewani kupitia machozi. Ukiifunika kwa kioo, unaiziba pumzi. Ukilala umevaa lenzi, kope inafunika tena juu ya kifuniko.

Plastiki ngumu ikaja, na mwaka wa 1948 Mmarekani Kevin Tuohy akaleta lenzi ndogo iliyofunika konea peke yake. Ilikuwa nafuu, ila bado ilikwaruza.

Halafu mwaka wa 1961. Wazee wetu wanaukumbuka kwa mambo mengine. Mji wetu ukiitwa Jadotville, mwezi wa Septemba askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa na jeshi la Katanga, na familia nyingi za Katanga zilikuwa zimeacha nyumba zao. Krismasi ya mwaka huohuo, mjini Prague, profesa Otto Wichterle alikaa nyumbani kwake akaunganisha vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli. Mashine ile ilizungusha vikombe vidogo vyenye plastiki ya majimaji mpaka ikatandaa kama ganda jembamba. Jioni alikuwa na lenzi nne laini. (Fundi yeyote wa baiskeli wa hapa angempenda bwana huyo.)

Ulaini wake ulitoka wapi? Plastiki ile inakunywa maji kama sponji. Ndiyo faida yake, na hatari imekaa hapohapo: jicho linapata maji yaleyale uliyoinyweshea lenzi.

Mwaka wa 1971, nchi yetu ilipopewa jina la Zaïre, kampuni ya Bausch & Lomb ikaruhusiwa kuziuza Marekani. Rangi zikaenea miaka ya 1980. Waliotazama Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka wa 1983, waliyaona yale macho ya njano ya kutisha: zilikuwa lenzi. Zikawa pambo, zikauzwa ovyo sokoni kama hereni, mpaka mwaka wa 2005 Marekani ikapitisha sheria kwamba kila lenzi ni kifaa cha uganga, hata ile isiyosaidia kuona. Mimi naona walichelewa.

Walikuwa wamekwisha pata somo. Katikati ya miaka ya 1980 waganga wa huko waliona wagonjwa wa konea wakiongezeka. Wengi walivaa lenzi laini na kujitengenezea maji ya chumvi nyumbani. Ndani yake mlikuwa na akantamiba, kijidudu kinachoishi katika visima, mito na hata maji ya bomba. Kinajifunga katika ganda gumu lisilouawa upesi na klorini. Kinashika juu ya lenzi, kisha kinaila konea polepole, kwa maumivu makali. Bakteria wengine hawangojei: siku moja au mbili wanaweza kutoboa kidonda kitakachoacha kovu jeupe.

Kwa hiyo hapa kwetu, ambapo maji yanachotwa kisimani na kukaa ndani ya bidoni, msichana asioshe lenzi kwa maji hayo, wala ya bomba, wala yaliyochemshwa, wala kwa mate. Kuna dawa yake ya chupa, nayo humwagwa kila siku na kuwekwa mpya. Kama fedha ya dawa hiyo haipo, fedha ya lenzi nayo haipo. Kama hakuna sabuni na kitambaa safi cha mikono, kama ilivyo kwa familia nyingi zinazolala kumi chumba kimoja, ziachwe. Dada wawili wasivae jozi moja kwa zamu. Zivuliwe kabla ya kuoga na kabla ya kulala, hata kama harusi imeisha saa tisa za usiku.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, toa lenzi saa hiyohiyo. Usitie majani, maziwa ya mama wala matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine, maana matone mengine yana kortizoni, na hayo yanaweza kumpa kijidudu nguvu. Nenda hospitali siku hiyo, chukua lenzi pamoja na kikopo chake, na umwambie munganga wazi kwamba ulizivaa. Akidhani ni macho mekundu ya kawaida, atakupa dawa isiyofaa.