Nyanya za Futi 25

Ukiuziwa haidroponiki Nairobi siku hizi, utauziwa kama kitu cha juzi: mabomba meupe juu ya paa, sukuma wiki zimejipanga, na ahadi ya mavuno mara kumi ya shamba. Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika tangazo la aina hiyo. Nikamuuliza mteja, mara kumi ya shamba gani? "We andika tu, bro." Kazi niliiacha, lakini hiyo mara kumi ikanikaa kichwani, nikaanza kutafuta ahadi za namna hii zilianzia wapi.

Kwanza, mmea hauli udongo. Udongo unashika mizizi na kuiwekea maji, hewa na chumvi za madini. Mwingereza John Woodward alilikaribia jambo hili mwaka 1699, alipokuza mnanaa kwenye maji matupu: ya mvua, ya mto Thames, na mengine aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Ule wa maji machafu ndio ulionawiri zaidi. Miaka ya 1860, Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop wakaonyesha ni chumvi zipi zinazohitajika. Kisha mambo yakabaki maabara kwa zaidi ya miaka 60.

Aliyeyatoa nje ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley. Kuanzia 1929 alidai kwamba maji haya yanaweza kulisha watu, si kufundishia wanafunzi tu. Nyanya zake za kwenye matangi zilirefuka hadi futi 25, yaani ukitaka kuchuma utafute ngazi. Magazeti yakapagawa. Mwaka 1937 akaupa ukulima huo jina tunalotumia hadi leo, kutokana na maneno ya Kigiriki ya maji na kazi.

Hapo ugomvi ulikuwa umeshaiva. Chuo kilitaka fomula yake. Gericke akakataa: aliifanyia kazi nyumbani, kwa muda wake mwenyewe, baada ya kunyimwa nafasi kwenye vivungulio vya chuo. Mwishowe akaondoka. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu sihitaji kushawishiwa kumpenda mtu kama huyo.

Lakini chuo kiliwapa Dennis Hoagland na Daniel Arnon kazi ya kupima madai yale, na majibu yao ya 1938 ni magumu kuyakwepa. Walipolinganisha maji na udongo mzuri, maji hayakushinda. Mmea ukishapata chumvi za kutosha, kinachoubana ni vitu kama mwanga, na mwanga hauongezeki kwa sababu umetoa udongo. Kisha wakafanya kile ambacho Gericke alikataa: wakachapisha fomula yao, kila mtu aione.

Wakati huohuo, kisiwa cha Wake katikati ya Pasifiki, ambako ndege za Pan American zilitua kujaza mafuta, kilikuwa kinakuza mboga kwenye matangi. Pale ni matumbawe matupu, mboga mbichi ingeletwa kutoka mbali sana. Nyanya moja tu ya pale ilikuwa ushindi, na hakuna aliyehitaji mara kumi.

Naivasha nako kuna mashamba ya waridi yanayokuza maua bila udongo, kwa mawe mepesi ya volkano au maganda ya nazi, lakini yana wataalamu wa kupima maji na soko la ng'ambo la kulipia hayo yote. Kwa plot ya mtaani hesabu ni nyingine. Mabomba yale yanategemea pampu. Stima ikipotea adhuhuri, mizizi inaanza kukauka, ilhali sukuma ya kwenye gunia la udongo, kama zile za Kibera, inasubiri jioni umwagilie.

Ukiamua kujaribu, fomula ya Hoagland bado inatumika duniani kote na ni ya bure. Kalsiamu nitreti na magnesiamu salfeti, ambazo ni sehemu yake, ziulizie agroveti.